Kosa Nililolifungia Ndani ya Difu

Sehemu ya Saba

Wasomaji mlionitumia ujumbe wa kunitukana wiki iliyopita, asanteni, nimeusoma wote. Ila bakizeni matusi kidogo. Nitakayosimulia leo ni mabaya zaidi, na safari hii sina hata kisingizio cha hasira za ghafla.

Kwa aliyeanza leo: naitwa Aristides, fundi wa difu pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Difu ni lile boksi la chuma chini ya gari, kati ya matairi ya nyuma, linalogawa nguvu ya injini. Nilikuwa na mchumba, Violeth, muuzaji wa duka la vyombo Kariakoo. Mara ya mwisho nilieleza jinsi nilivyomkuta dukani mwanaume amemshika mkono, nikamkunja mwanaume yule shati mbele ya wateja. Kumbe ni mjomba wake, ametoka Masasi kuja kuzungumzia posa yangu.

Posa ikafia pale pale, kati ya ndoo na masufuria.

Aliyeamulia ugomvi siku ile alikuwa Elibariki, Mchaga mwenye duka la spea linalotazamana na lile la vyombo. Alinitoa nje taratibu, akaninunulia maji, akanikalisha kwenye ngazi hadi nikayamaliza. Mtu mwema. Nilimchukia tangu dakika ile.

Nilimchukia kwa sababu nilipogeuka nilimwona Violeth anamshukuru. Alimshika bega. Mimi, miaka mitatu ya uchumba, sikumbuki kushikwa bega namna ile.

Miezi miwili ikapita. Violeth hakupokea simu zangu. Nikawa napita mtaa wao kila jioni, najifanya natafuta beringi. Mara nyingi nilimkuta Elibariki amesimama mlangoni pa duka la vyombo, anacheka na Violeth na mwenzake wa kaunta. Nilihesabu hizo mara. Hesabu yenyewe siiweki gazetini, nina aibu kidogo bado.

Ndipo Alhamisi moja ya Desemba, Elibariki mwenyewe akaingia gereji kwetu na Mark II yake nyeupe.

"Fundi, mambo?"

"Poa, bosi."

"Nina kazi, na sitaki mtu mwingine aiguse."

Akafungua buti. Ndani, juu ya gunia, kulikuwa na difu nzima ya mtumba kutoka Japani. Nikaishika shingo, nikaizungusha kwa mkono, nikajua ni kitu gani. LSD.

Nivumilieni kidogo hapa, maana msipoelewa hili hamtaielewa dhambi yangu. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja. Tairi moja likikanyaga tope, nguvu yote inakimbilia huko huko kwenye tope. Tairi hilo linazunguka bure, na lenzake lililo pakavu limekaa tu, kama limesusa. LSD ina sahani za chuma ndani yake. Tairi moja likianza kuzunguka kipumbavu, sahani zinabana, na la pili linapata nguvu yake. Gari linatoka.

"Unaipeleka wapi hii?" nikamuuliza.

"Nyumbani, Rombo. Fundi, mwaka jana niliaibika." Akaegemea buti. "Tarehe ishirini na nne, mvua, njia ya kupanda kwetu imekuwa sabuni tupu. Gari likagoma hatua chache kutoka getini kwa mama. Tairi moja linazunguka, linarusha tope hadi kwenye migomba. Ndugu wakatoka kusukuma na nguo zao za kanisani. Baba mdogo amekaa barazani, anauliza kwa sauti kama hilo ndilo gari la mtu wa Kariakoo."

Nikacheka. Mnawajua Wachaga na Desemba yao. Mwaka mzima mtu anaweza kushindia chai, lakini Krismasi gari lazima lipande hadi mlangoni, na lionekane limepanda lenyewe.

"Mwaka huu siwezi kurudia," akasema. "Siendi peke yangu. Nampeleka mchumba, nyumbani wamwone."

Kicheko kikanikauka.

"Mchumba gani?"

Akatabasamu. "Utamjua tu. Kadi za harusi zinachapishwa. Wewe si mtu wa mbali, fundi."

Alitaka gari Ijumaa jioni, asafiri Jumamosi alfajiri. Nikasema sawa. Akaacha funguo, akaondoka kwa miguu kurudi dukani kwake, na mimi nikaingia ndani ya gari kulisogeza.

Kiti cha abiria kilikuwa kimevutwa mbele kabisa.

Violeth ni mfupi. Akipanda gari lolote, hata teksi, kitu cha kwanza ni kuvuta kiti mbele, anasema asipofanya hivyo anajiona yuko kisimani. Nikahamia kwenye kiti kile. Magoti yakagonga dashibodi. Nikavuta mkanda nikaunusa. Ulinukia marashi, na Violeth anajipaka marashi. Kwamba nusu ya wanawake wa Dar es Salaam wanajipaka marashi, hilo halikunijia.

"Unafanya nini humo?"

Alikuwa Nurdin, fundi wa kuchomelea, Mmwera wa Lindi. Tumefanya kazi ubavu kwa ubavu miaka kumi na moja.

"Nasikiliza kiti. Kinalia."

"Kinalia na gari limesimama?"

Nikashuka. Nurdin akatikisa kichwa, akarudi kwenye geti la nyumba ya mtu alilokuwa akiliunga.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini hayo si kitu. Njooni Ijumaa.

Asubuhi niliteremsha difu ya zamani. Nikaifungua ile LSD kuikagua kabla ya kuifunga, kama fundi yeyote mwaminifu anavyofanya. Mpaka hapo nilikuwa bado fundi mwaminifu.

Saa sita na nusu gereji yetu huwa inabaki tupu kila Ijumaa. Wengi ni Waislamu. Wanaosha mikono kwa sabuni ya unga hadi grisi itoke, wanavaa kanzu walizozitundika nyuma ya mlango, wanaenda msikitini. Ninayebaki kulinda ni mimi Mkristo. Jumapili wao wananilindia mimi. Huo ndio utaratibu wetu, na hakuna aliyewahi kufunga hata sanduku la spana.

Nurdin aliniachia mashine yake ya kuchomelea ikiwa kwenye umeme. "Narudi, Ari. Mtu wa geti akija mwambie saa nane."

Nikabaki na difu wazi mbele yangu.

Sahani zilikuwa nzima, hazina alama ya kuungua. Difu nzuri kuliko zote nilizoshika mwaka ule. Nikaiona inapanda Rombo. Nikaliona gari linafika getini bila kusukumwa, baba mdogo amekosa la kusema, mama mtu anatoka na kanga mabegani. Violeth anashuka, anainama kidogo. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Na aliyewapandisha hadi hapo ni nani? Mimi, kwa mikono yangu.

Wivu nilikuwa nao siku zote, lakini ule wa mchana ule ulinifanya nisikie joto masikioni.

Nikatoa sahani moja moja. Nikazifunga kwenye gazeti. Kisha nikachukua mashine ya Nurdin, nikayachomelea meno ya ndani, yale yanayoruhusu tairi moja lizunguke tofauti na jingine.

Niwaambie maana yake. Gari likikata kona, tairi la nje linasafiri mbali kuliko la ndani, kwa hiyo lazima yatofautiane mwendo. Ukichomelea, yanakuwa kitu kimoja, na kwenye kona moja lazima liburuzwe. Vijana wa mashindano wanachomelea makusudi, kwa ajili ya kuserereka na magari uwanjani, na kofia ngumu vichwani. Kwa gari la safari, lami ikiwa kavu utasikia matairi yanalia. Lami ikiloa, na gari likiwa na mwendo, mkia wa gari unaweza kukuacha ukaenda zake.

Nilijiambia nataka aibu tu. Matairi yalie kijijini, ekseli ikatike getini, baba mdogo apate la kusema mwaka mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na tisa, na barabara ya Moshi naijua. Nilijua. Naandika hivi ili msinitetee.

Nurdin alirudi nikiwa nimeshafunga kifuniko, naweka oili. Akashika kile kishikio cha mashine yake.

"Nani kaitumia? Ina moto."

"Mimi. Stendi ya jeki ilikuwa imeachia."

Akaitazama stendi ya jeki. Haikuwa na doa jipya lolote. Akaniangalia mimi, akavua kanzu, akaitundika. Kama angeuliza swali moja tu la ziada huenda ningesema. Lakini Nurdin ni mtu wa heshima, na heshima yake siku ile ilinisaidia vibaya.

Saa kumi Elibariki akafika.

Pale Gerezani kuna jaribio moja la LSD ambalo kila muuza spea analijua. Unainua gari nyuma, matairi yote mawili hewani, gia ikiwa huru. Mteja mwenyewe anazungusha tairi moja kwa mkono. Difu ikiwa ya kawaida, tairi la pili linazunguka kinyume. Ikiwa LSD, yote mawili yanaenda upande mmoja. Mteja akishaona hivyo anamshika fundi mkono, na maneno yameisha.

Difu iliyochomelewa nayo inazungusha matairi upande mmoja. Wauza spea hawalifikirii hilo, maana nani anunue LSD kisha aichomelee?

Elibariki akachuchumaa na suruali yake safi, akazungusha tairi la kushoto. La kulia likamfuata. Akazungusha tena, anatabasamu.

"Fundi wewe ni noma," akasema, akanipa mkono.

Nikaupokea.

Akalizungusha gari mtaani, akarudi amekunja uso kidogo. "Kona ya kule kwenye kituo cha mabasi ya mwendokasi, gari linavuta. Tairi limelia."

"Sahani zimekaa muda mrefu bila kazi," nikasema. "Zinabana sana mwanzoni. Ukipita Chalinze zitakuwa zimelainika."

Na hilo, kwa LSD iliyo nzima, linaweza kuwa kweli kabisa. Ndiyo maana alilimeza bila kutafuna. Tuna desturi ya kumkabidhi mteja spea yake ya zamani, aone kwamba kweli imebadilishwa. Nikambebea difu ya zamani hadi kwenye buti. Akanizuia.

"Hiyo baki nayo, itakufaa." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Na Violeth, usiwaze sana. Naongea naye kila siku. Nikirudi nitakuwa na la kukwambia."

Naongea naye kila siku. Alinitamkia usoni, gereji kwangu, amenishika bega.

"Safari njema, bosi," nikasema. Nilimwangalia anaondoka, matairi yakalia kwenye kona, na sitawadanganya, moyo wangu ulicheka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi na chapati, mtu mwenye amani. Nurdin akaja na bahasha mbili.

"Nimepita dukani kwa Elibariki, kaacha kadi zetu. Ndoa ni Februari."

"Sihitaji kuiona."

"Hata picha?" Akaifungua yangu mwenyewe, akaniwekea kwenye goti. "Wamependeza. Yule binti mfupi, mcheki, hafiki hata kwapani kwa jamaa."

Nikaitazama kwa shingo upande. Nikaitazama tena. Elibariki na suti ya bluu. Pembeni yake Candida, yule mwenzake Violeth wa kaunta duka la vyombo. Jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Candida.

"Violeth yuko wapi?" nikauliza.

"Violeth anaingiaje kwenye ndoa ya watu?"

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Naona aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Furaha tupu, hadi chai ikanimwagikia. Alikuwa anaenda pale mlangoni kwa ajili ya Candida. Kiti kilivutwa na Candida. Marashi ya Candida. Violeth wangu hakuwahi kuwa wa mtu.

"Nyuma ya kadi kuna majina ya kamati," Nurdin akasema. "Kakuweka usafiri. Soma hapa: fundi Aristides, gari la maharusi."

Hapo ndipo chapati iliponikwama.

Nikamtazama Nurdin. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Ile stendi ya jeki. Sikuichomelea."

"Najua hukuichomelea."

"Nilichomelea difu. Ya Elibariki."

Nurdin hakupiga kelele. Aliweka bahasha yake juu ya ndoo, taratibu sana.

"Kwa mashine yangu," akasema. "Mimi nikiwa kwenye sala."

"Nilidhani anampeleka Violeth."

"Ari, mvua inanyesha njia nzima tangu jana. Wameondoka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Mpigie. Sasa hivi. Mwambie asimame, asikate kona hata moja. Mimi namtafuta shemeji yangu, yuko trafiki njia hiyo ya Mkata, atalisimamisha gari usipowapata." Akatoka nje na simu yake, maana jirani alikuwa anasaga chuma na hakuna aliyesikia kitu humo ndani.

Nilipiga. Ikaita hadi ikakatika.

Nikapiga tena. Ikapokelewa.

"Haloo."

Haikuwa sauti ya Elibariki. Ningeitambua sauti ile katikati ya soko zima.

"Violeth?"

"Aristides."  Nikasikia maji yanapiga kioo, na wiper zinakwenda mbio. "Elibariki anaendesha, mvua kubwa huku. Chalinze tumeshapita, tunakaribia kuteremka kwenye daraja la Wami. Una ujumbe?"

Nawaapia, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Simamisheni gari. Ni maneno mawili.

"Wewe unafanya nini kwenye gari hilo?" nikasema.

"Nini?"

"Nani alikufuata nyumbani? Ni yeye? Alfajiri yote hiyo mlikuwa wawili?"

Nikasikia sauti ya mwanamke mwingine nyuma, inauliza ni nani huyo.  Violeth akazungumza polepole, kama mtu anayekunja nguo.

"Nimemsindikiza Candida ukweni. Aliniomba. Na njia nzima, Aristides, tangu Kibaha, huyu kaka wa watu ananiambia umebadilika. Ananibembeleza kwa ajili yako. Miezi miwili sasa, kila siku, mlangoni kwetu. Nilishaanza kumwamini."

"Vio, subiri, gari..."

"Usinipigie tena. Na yeye usimpigie."

Ikakatika. Nikapiga. Nikapiga tena. Yule dada wa mtandao wa simu akaniambia namba haipatikani kwa sasa.

Nurdin akaingia na simu sikioni, mkono mwingine ameziba sikio la pili. "Nimempata shemeji. Yuko barabarani, anataka namba ya gari. Wewe vipi, umewaambia?"

Jibu lilikuwa fupi. Lakini nikisema hapana, angeuliza nimewaambia nini badala yake, muda wote ule. Ingebidi nitamke kwa mdomo wangu, mbele ya mtu niliyemtumia mashine yake akiwa msikitini, kwamba watu watatu wanateremka Wami kwenye mvua na mimi nimeuliza nani kamfuata nani nyumbani.

"Nimewaambia," nikasema. "Wamesimama."

Nurdin akafumba macho. "Alhamdulillahi." Kisha akasema kwenye simu: "Shem, basi, limeisha, wameshasimama. Samahani kwa usumbufu." Akakata. Akakaa kwenye ndoo, juu ya kadi yake, akajifuta uso kwa mikono yote miwili.

Nikageuka upande wa ukutani, nikampigia Elibariki tena. Haikuita.